Nani Huthibitisha Shahada?

Sisi tunaofundisha na kusoma karibu na Kamukuzi, Mbarara, tumezoea kudhani kwamba shahada hujitetea yenyewe. Historia inaonyesha vingine. Tangu 1949 wanafunzi wa Makerere walisomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Tangu 1963, za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichovunjwa mwaka 1970. Baadaye kila chuo cha serikali kikawa na sheria yake, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989. Vyuo binafsi vilipoongezeka miaka ya 1990, msimamizi mmoja akahitajika. Sheria ya 2001 ikaunda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu: humshauri waziri, hutoa ithibati na hulinganisha shahada za nje.

Kazi hii ya mwisho inagusa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mwalimu aliyetoka Kongo na shahada yake huzungumza nasi Kiswahili bila taabu, lakini pasipo ulinganisho huo mwajiri anaweza kuikataa. Tunapofundisha neno “ithibati”, tusisahau kwamba limebeba riziki ya mtu.