Neno la Kihawaii na Deni Lake

Anayesema "Wikipedia" ametamka Kihawaii, ajue asijue. Mwaka 1995 Ward Cunningham, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alilikumbuka basi la uwanja wa ndege wa Honolulu lililoitwa Wiki Wiki, yaani haraka haraka, akaipa programu yake jina hilo. Neno likaizunguka dunia bila kumdai msemaji chochote. Yako mengine yenye madai, na hayo hujulikana vyema kwa historia yake kuliko kwa tafsiri. Chukua kuleana. Wanaopenda kulipamba maisha kwa maneno ya visiwani hulifasiri kuwa "wajibu". Kumbe limebeba haki na wajibu kwa mpigo: mwenye haki juu ya kitu ndiye mwenye kukitunza. Tena ni jina la kiwanja. Sheria ya Kuleana ya 1850 iliwaruhusu wakulima wa kawaida kudai milki ya mashamba waliyoyalima. Mwishowe waliambulia chini ya asilimia 1 ya ardhi yote ya visiwa, katika nchi ambayo neno lenyewe la ardhi, ʻāina, linatokana na kula. Kwa Mhawaii, kuleana ni shamba lililopatikana au lililopotea kabla ya kuwa wazo zuri la kuanzia siku.

Patakuwa na wa kuuliza: lugha gani haikopi? Kiswahili chenyewe, ukikivua kitabu, meza na shule, kitabaki uchi. Ni kweli, ila mkopaji hamzibi mdomo mwenye mali. Sisi tuliosikia kwamba Disney imeisajili "hakuna matata" kuwa alama ya biashara huko Marekani tunaijua tofauti hiyo. Na Wahawaii walizibwa mdomo hasa. Gazeti lao la kwanza, Ka Lama Hawaii, lilitoka Lahainaluna mwaka 1834, yakafuata mengine mengi, taifa zima likisoma kwa lugha yake. Malkia Liliʻuokalani akapinduliwa 1893, na miaka mitatu baadaye sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Watoto waliadhibiwa kwa kusema kama bibi zao.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukimtia mgeni hofu ya kukosea, unaiua lugha unayotaka kuiokoa. Lakini walioiokoa hawakufunga mlango. Waliweka kazi mlangoni. Pūnana Leo, "kiota cha sauti", shule ya awali iliyofunguliwa Kekaha, Kauai, mwaka 1984, iliwataka wazazi nao wajifunze lugha na wachangie kazi za shule. Hiyo ndiyo kuleana ikitendwa. Mwaka 1986 Bunge la Hawaii lilipitisha mambo mawili: liliiingiza roho ya aloha, yaani upendo, katika sheria, na likaondoa marufuku ya kufundisha kwa Kihawaii katika shule za umma. La kwanza lilipendeza hotelini. La pili lilihitaji walimu na vitabu, na vitabu havikuwapo. Madarasa yalipoanza mwaka uliofuata, wazazi na walimu waliketi na mikasi na gundi, wakabandika tafsiri ya Kihawaii juu ya maneno ya Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa.