Mshindilio, Wala Si Mvunjiko

Miongoni mwa istilahi za muziki wa metali zinazopigiwa debe siku hizi, hakuna iliyopotoka kama mvunjiko, ambayo walioipendekeza waliifasiri kutoka brekidauni kwa kukitazama kitenzi na kuusahau muziki wenyewe. Brekidauni ni kile kipande ambamo mwendo wa wimbo hushuka hadi kama nusu, nyuzi nene za gitaa zikazibwa kwa ubavu wa kiganja huku zikipigwa, na kila pigo lake likatua pamoja na pigo la dramu ya mguu. Hapo hakivunjiki kitu. Isitoshe, katika muziki wa bluugrasi wa Marekani, kama Earl Scruggs alivyoupiga kwa banjo mwaka 1949 katika "Foggy Mountain Breakdown", brekidauni ni kipande cha kasi kisichoimbwa, kinyume kabisa cha hiki, na waliolifasiri neno hilo sisisi walipaswa kulijua hilo kabla ya kupiga muhuri.

Istilahi inayostahili ni mshindilio. Mzizi shind- umezaa shindo, mshindo na kishindo, yote yakiwa majina ya sauti nzito ya kitu kinachogonga, nao ukirefushwa kwa kauli ya kutendea iliyorudufiwa, kama tupa inavyozaa tupilia, hutoa shindilia, yaani kukandamiza kitu hadi kikazane. Gobori lilishindiliwa baruti kwa mdeki, sakafu ya udongo hushindiliwa mpaka leo, na wasomaji wa Injili ya Luka wamelizoea neno hilo penye habari ya kipimo kilichojaa. Sauti na tendo vimekutana katika neno moja, fadhila ambayo mvunjiko hauna, wala mporomoko unaopendwa na wahariri fulani, kwa kuwa kinachoporomoka hakina mpangilio, ilhali kipande hiki ni mpangilio mtupu.

Ushahidi umo katika Alive or Just Breathing, albamu ya mwaka 2002 ya Killswitch Engage, bendi ya Massachusetts, iliyoipa metalikoo, yaani muziki uliozaliwa na metali pamoja na hadikoo, ambayo ni panki kali, sura mpya ya uzito: magitaa yenye melodia ya mtindo wa metali wa mji wa Gothenburg, Uswidi, viitikio ambavyo mwimbaji Jesse Leach anavigeuza kutoka mayowe kuwa uimbaji laini, kisha mishindilio. Mtayarishaji wake, Adam Dutkiewicz, ndiye pia aliyeipigia dramu, na masikio yanaushuhudia mkono huo mmoja, maana kiitikio kipana kinapokwisha, gitaa na dramu hufungamana, sauti ya kila pigo ikakatwa kabla haijavuma, na kimya kifupi kinachobaki kati ya mapigo ndicho kinacholifanya pigo linalofuata kuwa zito zaidi.

Kimatumizi, mshindilio umo katika ngeli ya U-I, na mpiga gitaa hushindilia.