Saa ya Dini na Saa ya Historia

Katika jubile hii tukumbuke jambo moja. Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilitwaa shule zote za Eklezia. Somo la dini likaondolewa, na mahali pake pakawekwa mafundisho ya chama, MPR. Imani ya watoto ikabaki mikononi mwa wazazi na makatekista. Tarehe 26 Februari 1977, kwa mapatano na Serikali, Eklezia ilirudishiwa usimamizi wa shule zake.

Je, vijana wetu wa sekondari hapa Kasaji wanayajua haya? Walimu wa historia, wasimulieni miaka ile. Walimu wa dini, fundisheni kama watu waliorudishiwa mali iliyopotea. Sisi makatekista tutawasaidia.