Mgeni Sokoni na Dhamana ya Mwenyeji

Ibn Batuta, msafiri wa Tangier, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta ada iliyomstaajabisha. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutamka kuwa huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hufikia kwake. Mwenyeji humuuzia bidhaa zake na kumnunulia ahitajiavyo. Anunuaye kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au amuuziaye kitu mwenyeji wake asiwepo, biashara yake ni batili. Aliyekwisha kuuzoea mji tu ndiye aliyejichagulia pa kufikia.

Chakula, basi, kilitangulia bei. Wala haikuwa sadaka: Ibn Batuta mwenyewe asema ada hiyo iliwafaa wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Yeye hakuwa mfanyabiashara bali mwanachuoni, akapelekwa kwa kadhi. Kwa hiyo alichotuachia ni sinia, si soko: wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe, na vishada vya pilipili. (Wako wafasiri waliomlisha pilipili kali ya kuwasha, ambayo asili yake ni bara la Amerika na ilikuwa haijavuka bahari. Aliyoila yeye bila shaka ni pilipili manga.)

Zaidi ya karne tano baadaye, mwishoni mwa 1856, Richard Burton alishuka Unguja. Katika kitabu chake cha 1872 ameliandika Sokomuhogo, soko lililopewa jina la zao ambalo nalo ni mgeni, lililoletwa na Wareno kutoka Brazili likageuka mwenyeji kuliko wengi wetu. Kitabu hichohicho kinalieleza soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873: kalamu moja kwa muhogo na kwa binadamu. Naye Burton alifikia kwa nani? Kwa Hamerton, balozi wa Uingereza, mgeni mwenzake. Hapakuwa na mtu wa mji aliyempokea kwa sahani, wala aliyewajibika kwa ajili yake mbele ya wauzaji.

Leo watalii huingia Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, na kamera mkononi, wakipita baina ya mafungu ya ndizi na meza za pweza. Pembeni yao mara nyingi yupo kijana tumwitaye papasi, jina la mdudu anyonyaye damu. Jina hilo naliona kali mno. Kijana huyo anafanya kazi ya yule wa mashuani: anaongoza, anafasiri, anapatana bei, na anapata chake, kama alivyopata mwenzake wa Mogadishu. Alichokosa ni dhamana tu. Mgeni akipunjwa, hakuna wa kumdai kijana, wala biashara haitenguki. Muuza viungo hutaja bei moja kwa jirani yake na nyingine kwa mtalii, mchana kweupe. Katika Mogadishu ya 1331 bei ile ya pili isingesimama mwenyeji asipokuwapo.