Maandazi ya Ulaya na Ng'ombe wa Rumanyika

Mwezi wa Novemba, mwaka 1861, Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe, wakapokewa kwa wema na mfalme Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Ilipofika Krismasi mfalme aliwapelekea ng'ombe, kwa kuwa alisikia ya kwamba desturi ya Waingereza ni kuadhimisha kuzaliwa kwa Mwokozi kwa karamu ya nyama. Nyumbani mwake chakula cha heshima kilikuwa maziwa. Speke aliwaona wanawake wa jamaa ya mfalme walionenepeshwa kwa maziwa hata kusimama hawawezi. Lakini Rumanyika hakuwapima wageni kwa pishi yake. Alisikiliza kwanza desturi yao, ndipo akawatendea kwa hiyo.

Na tuitazame desturi moja ya Ulaya kwa njia hiyo. Siku za mwisho kabla ya Kwaresima, watu wa Poland na Italia hukanda unga wa ngano kwa mayai, huusukuma mpaka uwe mwembamba, huukata vipande virefu na kuvipota, huvikaanga katika mafuta mengi, kisha huvinyunyizia sukari iliyosagwa. Wapolandi huviita chruściki, yaani vijiti vikavu, kwa jinsi vinavyovunjika. Waitalia huviita chiacchiere, yaani maongezi, na wengine wao bugie, yaani uongo.

Mgeni akiona haya atasema ni ulafi tu wa watu wanaokaribia kufunga. Asili yake siyo hiyo. Zamani sheria ya Kanisa la Magharibi iliwakataza wafungaji si nyama tu, bali mayai, maziwa na siagi pia. Basi kila mama alitaka kuyamaliza mayai na mafuta ya nyumbani yasiharibike. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII aliwaruhusu watu wa Saxony kutumia siagi, na baadaye sheria ililegezwa mahali pengi. Sababu ikapita, maandazi yakabaki.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani nao wana kalimati za kufuturia, na visheti vilivyokaangwa na kuviringishwa katika shira hata sukari ikakauka juu yake. Na neno lenyewe, andazi, latoka katika kuandaa: ni chakula alichoandaliwa mtu.

Basi, mwalimu asimfundishe Mnyambo kwamba andazi la Krismasi ni sehemu ya Injili, wala asiliite ubatili wa Kizungu. Kwaresima ya mtu wa Karagwe haianzi katika siagi ya Saxony. Huanza katika kile akipendacho nyumbani mwake, kiwe maziwa, nyama au pombe ya ndizi. Vivyo hivyo desturi za wazee wetu: tusiseme "huu ni ushenzi" kabla ya kuuliza sababu yake. Mfalme ambaye hakubatizwa alijua kusikiliza kabla ya kutenda. Mwalimu aliyebatizwa asipungukiwe na hilo.