Fenda ya Masuguru: Historia Iliyoandikwa kwa Bati

Mjomba wangu wa Masuguru, katika nchi ya Handeni na Korogwe, ana gari ambalo halijatembea kwa miaka mingi. Ni Mercedes-Benz 220 S, lile lenye mapezi mawili nyuma, lililotengenezwa Ujerumani kati ya mwaka 1959 na 1965. Injini ingali inanguruma ikibembelezwa. Kinachomtesa mwenyewe ni bodi: fenda ya kushoto imeliwa na kutu, na mlango wa dereva umetoboka chini. Mnunuzi mmoja wa mjini aliahidi fedha nzuri, kwa sharti kwamba kila bati liwe la kiwandani. Ndipo mjomba akanituma: “Mpwa wangu, wewe unakaa Dar es Salaam. Nitafutie fenda ya asili.”

Nilianzia Gerezani. Wauza spea waliniuliza mara mbili kama nimetaja mwaka sawasawa, kisha wakacheka kwa adabu. Wangenipa bodi nzima ya Toyota kabla ya adhana ya adhuhuri, lakini fenda ya Mercedes ya mapezi hawakuwa nayo. Nikaulizia Ujerumani. Tangu mwaka 1993 watengenezaji wana kituo chao mjini Fellbach kinachohudumia magari yao ya kale. Bei niliyotajiwa na wakala wa vipuri, pamoja na usafirishaji na ushuru, ilizidi mavuno ya mahindi ya mjomba kwa misimu mitatu. Nikarudi Masuguru mikono mitupu.

Ndugu msomaji, utauliza gari la kifahari lilifikaje huko. Jibu ni mkonge. Katika mashamba ya Korogwe na Tanga mzima, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 lilikuwa limewatajirisha wenye mashamba, hasa bei ilipopanda wakati wa vita vya Korea. Fedha hizo zilitafuta gari linalostahimili vumbi, na mbio za Safari zikatoa ushahidi: Mercedes-Benz ilishinda mwaka 1959, 1960 na 1961, katika njia mbovu za Afrika Mashariki. Mkata mkonge aliyelipwa kwa mzigo aliliona gari hilo likipita. Hakuota kuligusa.

Baada ya Uhuru, waliolikalia walibadilika kuliko gari lenyewe. Lugha yetu ikawapa jina: Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilikusudia kuzuia kabila hilo lisiote mizizi ndani ya chama na Serikali. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka huohuo Serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, wakati bei yake ikiwa imekwisha kuanguka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani. Katika mauzo ya mali chakavu ya shamba moja, babu yangu, aliyekuwa dereva hapo, alilinunua gari alilokuwa akimwendeshea meneja.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuporomoka kwa mazao ya biashara vilikausha fedha za kigeni. Spea halali zilipitia mashirika ya umma, na mara nyingi hazikuwapo. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu mwenye boksi la vipuri ndani alikuwa na sababu ya kutolala. Hapo ndipo fundi bodi wa vijijini alipokuwa mtu muhimu. Alikata pipa la mafuta, akalinyoosha, akalipiga kwa nyundo juu ya gogo la mti hadi likapata mviringo, akalichomelea kwa gesi. Kuanzia mwaka 1984 wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na taratibu maduka yakajaa. Kufikia hapo gari letu lilikuwa limekwisha kupokea viraka vyake.

Safari hii fundi mmoja mzee wa jirani alipapasa mlango ule, akakwangua rangi na puti kwa bisibisi, akanionyesha. “Mwalimu, hili ni bati la Mjerumani. Hili la pembeni ni pipa. Nililipiga mimi mwenyewe, nikiwa kijana. Na hiki kipande ni cha juzi, bati la duka, jepesi.” Nimefundisha historia ya uchumi wa Tanzania kwa miaka mingi, sijapata kuiona imepangwa hivyo, tabaka juu ya tabaka, katika eneo dogo kuliko ubao wa darasani.

Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye Mwalimu Nyerere. Ni vyema. Lakini gari hilo linatueleza habari za waliokaa kiti cha nyuma. Nani ametunza habari za waliolifanya litembee pale spea zilipokosekana? Ninyi watumishi wa umma mnaopeleka magari chakavu mnadani, yakiwamo mashangingi ya leo, mnajua kuwa mafaili ya matengenezo huishia jalalani au kwenye karatasi za kufungia maandazi. Yapelekeni kwenye nyaraka. Ndani yake mna majina ya mafundi, bei, na siku ambazo taifa halikuwa na senti ya kununulia taa moja. Nanyi wanafunzi, nendeni mkawahoji mafundi hao wangali hai.

Sisemi kwamba umaskini ni urithi wa kujivunia. Mjomba anahitaji fedha, nami sina haki ya kumtaka akae na kutu kwa ajili ya utafiti wangu. Nilimweleza ukweli wa bei, kisha nikamwonyesha alichonionyesha fundi. Alinyamaza kitambo. Akasema yule mnunuzi atafute gari kwingine; fenda itapigwa hapahapa. Fundi amekwisha kuchagua pipa. Mimi nimepewa kazi ya kuandika, katika daftari litakalokaa ndani ya gari, kwamba bati hili limepigwa Masuguru, na nani, na kwa nini.