Kivinjari cha Disketi Moja

Wako wanaodhani programu nzuri lazima iwe nzito. Historia ya Opera inawakatalia. Mwaka 1994, ndani ya shirika la simu la Norway, Telenor, Jon von Tetzchner na Geir Ivarsøy walianza kuunda kivinjari chao cha intaneti. Miaka hiyo ya tisini kilienea kwenye disketi moja, nacho kilikwenda hata kwenye kompyuta kongwe. Ila kilikuwa cha kulipia, na wapinzani wakubwa waligawa vyao bure!

Mwaka 2006 Opera Mini ikaenezwa duniani, kwa simu za kawaida. Hapo ndipo nami nilipohamia, maana nilikuwa mtu wa vocha za shilingi 500. Ukurasa ulifunguliwa kwanza kwenye seva za kampuni, ukakamuliwa, kisha simu ikaletewa kiasi kidogo tu, pengine sehemu moja ya kumi. Vocha iliyokuwa ikikatika kabla picha haijafunguka, sasa ilinifikisha kwenye matokeo ya mpira, na salio likabaki.

Lakini seva hizo, zikiwa katikati, ziliufungua hata ukurasa uliofungwa kwa usiri, wa benki kwa mfano. Jambo hilo halikufichwa. Sisi wa vocha tulipiga hesabu, tukakubali.